Jivu, Saruji na Jirani: Taka za Viwanda Zinapogeuzwa Kifusi cha Ujenzi

Muda mfupi kabla ya saa saba za usiku, Jumatatu tarehe 22 Desemba 2008, siku tatu kabla ya Sherehe ya Noeli, ukingo wa bwawa la majivu katika kituo cha kufua umeme cha Kingston, Jimbo la Tennessee nchini Marekani, ulibomoka. Kwa zaidi ya nusu karne kituo hicho kilikuwa kimechoma makaa ya mawe na kulundika majivu yake kando ya Mto Emory, hata lundo likafikia kimo cha takribani mita 18. Usiku ule zaidi ya mita za ujazo milioni 4 za tope la majivu zilishuka kwa kishindo, zikafunika kama hekta 120 za ardhi na maji, zikaziba mto na kuzifanya nyumba tatu zisikalike tena. Kwa neema ya Mungu, hakuna aliyefariki dunia usiku huo. Waliougua na kufariki walikuja baadaye, nasi tutawataja hapa chini.

Tunalikumbusha tukio hili kwa sababu swali lililoachwa na bwawa lile halijazikwa pamoja na tope. Viwanda vinaleta mwanga, chuma na saruji. Lakini vinapomaliza kazi yake, mabaki yanakwenda wapi, na yanakwenda kwa nani? Vituo vingi vya makaa ya mawe nchini Marekani vimefungwa au viko njiani kufungwa, na mabwawa yake ya zamani yamebaki. Mwezi Aprili 2024 Shirika la Hifadhi ya Mazingira la nchi hiyo lilitangaza kanuni inayoyagusa hata mabwawa yaliyoachwa, na mjadala juu ya utekelezaji wake haujakwisha. Katika mjadala huo linasikika jibu moja la wahandisi ambalo waamini wengi hawajapata kulisikia: majivu yachanganywe na saruji kidogo, yamiminwe ardhini, yawe kifusi. Jibu hili lina uzuri wake na lina mtego wake. Tuvipime vyote viwili.

Kifusi kinachotiririka kama uji

Kila anayeishi mjini ameona jambo hili. Mafundi wanachimba mtaro kukatiza barabara ili wapitishe bomba la maji. Wakimaliza, wanarudisha udongo, wanaushindilia harakaharaka, wanaweka lami juu na kuondoka. Baada ya masika moja, pale palipochimbwa pamebonyea, na magari yanapunguza mwendo kana kwamba pamewekwa tuta kwa makusudi. Kosa si la lami. Udongo uliorudishwa haukushindiliwa hadi chini, wala haukuweza kuingia vema chini ya tumbo la bomba, mahali ambapo kishindilio hakifiki.

Kifusi cha kumiminwa kinatibu hasa ugonjwa huo. Ni mchanganyiko wa maji mengi, mchanga au jivu, na saruji kidogo, unaotoka kwenye gari la zege ukiwa mwepesi kama uji wa mgonjwa. Unajisambaza wenyewe, unaingia kila pembe, hauhitaji kushindiliwa, na baada ya saa chache mtu anaweza kutembea juu yake. Kwa mujibu wa maelekezo ya Taasisi ya Zege ya Marekani, nguvu ya kifusi hiki haipaswi kuvuka megapaskali 8.3, na pale inapotarajiwa kwamba mtaro utafukuliwa tena siku za usoni, isivuke takribani 2.1. Zege la kawaida la nyumba hufikia 20 au 25. Hapa ndipo wajenzi wetu hushangaa: katika kazi hii, kuwa imara kupita kiasi ni kosa. Bomba likipasuka baada ya miaka 10, fundi lazima aweze kulifikia kwa sururu na chepeo, si kwa mashine ya kupasulia miamba.

Hesabu ndogo itatusaidia. Chukua mtaro wa urefu wa mita 100, upana wa sentimita 60 na kina cha mita 1. Ujazo wake ni mita za ujazo 60. Zege la kawaida lenye kilo 300 za saruji kwa kila mita ya ujazo lingekula mifuko 360 ya kilo 50. Kifusi cha kumiminwa hutumia kilo 30 hadi 120 hivi. Tukichukua 60, mtaro uleule utakula mifuko 72. Sehemu kubwa iliyobaki ni mchanga, au ni kitu ambacho kiwanda kilikuwa kinatafuta mahali pa kukitupa: jivu la makaa ya mawe, mchanga uliotumika katika viwanda vya kusubu vyuma, au vumbi la matanuru ya saruji.

Matumizi haya si mageni. Mwaka 1964 wahandisi wa Serikali ya Marekani walitumia udongo uliochanganywa na saruji kulaza bomba kuu la maji kaskazini-magharibi mwa Texas, kutoka kaskazini mwa Amarillo hadi kusini mwa Lubbock, umbali wa kilomita zipatazo 515. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, shirika la umeme la mjini Detroit likajaribu kifusi chenye jivu lake lenyewe. Taka ya mtambo ikawa mali ya mjenzi.

Kwa nini jivu linakubali saruji

Makaa ya mawe yakisagwa na kuchomwa, sehemu isiyoungua hugawanyika. Jivu zito huanguka chini ya tanuru. Jivu laini hupanda pamoja na moshi na kunaswa na mitambo kabla halijatoka kwenye dohani. Chembe za jivu laini ni ndogo na nyingi ni za mviringo kama punje za ulezi, ndiyo maana huusaidia mchanganyiko kutiririka. Zaidi ya hapo, zina silika na alumina, ambazo zikikutana na chokaa na maji hushikamana taratibu na kuwa kitu kigumu.

Warumi wa kale waliijua tabia hii bila kuwa na maabara. Walichanganya chokaa na majivu ya volkano kutoka Pozzuoli, karibu na Napoli, na kwa elimu hiyo wakainua kuba la Pantheon mjini Roma, jengo ambalo tangu mwaka 609 ni kanisa, na hadi leo mahujaji wanasali chini yake. Hapa kwetu nyanda za juu kusini, majivu ya volkano ya Mbeya nayo huingia katika saruji. Basi jivu kuzaa jiwe si uzushi wa wafanyabiashara. Ni kazi ya maumbile ambayo mwanadamu amepewa akili ya kuigundua na kuitumia.

Faida zake ni za kweli. Mchanga usiochimbwa unabaki mtoni. Saruji isiyotumika ni moshi usiotoka, nasi tunajua kwamba utengenezaji wa saruji duniani hutoa takribani asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Tena kuna jambo linalogusa uhai moja kwa moja: kifusi kinachomiminwa kutoka juu hakimlazimishi kibarua kushuka ndani ya mtaro mrefu kushindilia udongo, huku kuta zinaweza kumwangukia. Aliyewahi kuzika kijana aliyefukiwa na mtaro ataelewa kwa nini tunaiweka faida hii mbele ya zile za fedha.

Kilichomo ndani ya jivu

Lakini jivu la makaa ya mawe si jivu la jikoni. Makaa yalipokuwa ardhini yalibeba kiasi kidogo cha arseniki, risasi, zebaki, seleniamu na kromiamu. Kaboni ikiungua, sehemu kubwa ya vitu hivyo hubaki, na hubaki vikiwa vimekusanyika. Jivu likikaa wazi, mvua huyasuuza na kuyashusha taratibu kwenye maji ya visima. Likikauka, upepo huyapeleka mapafuni.

Hapa lazima tutofautishe mambo mawili ambayo biashara hupenda kuyachanganya. Jivu lililofungwa ndani ya zege imara limeshikwa. Maji hayapiti kirahisi, na mwaka 2014 Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani lililitathmini na kuunga mkono matumizi yake. Jivu lililomwagwa wazi kujaza bonde au kuinua uwanja halijashikwa na chochote, hata likiitwa kwa jina zuri. Katika mji mdogo wa Town of Pines, Jimbo la Indiana, jivu la kituo cha umeme lilitumika kwa miaka mingi kama kifusi cha barabara na viwanja, na visima vya wakazi vikachafuka. Mjini Chesapeake, Virginia, tani milioni 1.5 za jivu zilitumika kuumba vilima vya uwanja wa gofu, kisha majirani wanaokunywa maji ya visima wakaanza kuuliza kilichozikwa pale. Sehemu zote mbili, matumizi hayo yaliweza kuitwa kuzigeuza taka kuwa mali.

Kifusi cha kumiminwa kinasimama katikati. Si udongo mtupu, wala si zege imara. Saruji yake ni kidogo kwa makusudi, na kwa sababu hiyohiyo kifungo chake nacho ni chepesi kuliko cha zege. Kwa hiyo usalama wake hauwezi kutangazwa kwa jumla. Unategemea jivu limetoka tanuru gani, limechanganywa kwa kipimo gani, limepimwa kwa maji kuona kinachochujuka, na linazikwa wapi: juu ya mwamba mkavu, au hatua chache kutoka kisima cha kijiji.

Kanuni ya Marekani ya mwaka 2015 ilijaribu kuweka mpaka kati ya kutumia na kutupa. Iliagiza kwamba jivu linalotumika upya liwe na kazi halisi. Lichukue nafasi ya malighafi ambayo ingechimbwa. Litimize viwango vya ujenzi na lisizidi kiasi kinachohitajika. Na pale tani 12,400 au zaidi za jivu lisilofungwa zinapowekwa ardhini nje ya ujenzi wa barabara, mhusika athibitishe kwamba halichafui maji, udongo na hewa kuliko vifaa vya kawaida. Sharti la tatu lina hekima ya pekee. Mjenzi anayehitaji lori 10 za kifusi lakini anapokea 50 kwa sababu ni bure, amekwisha kuacha kujenga. Ameanza kutupa.

Ni haki pia kukiri kwamba dawa hii ni ndogo kuliko ugonjwa. Mwanzoni mwa muongo uliopita Marekani ilizalisha zaidi ya tani milioni 100 za mabaki ya makaa ya mawe kila mwaka. Kifusi cha kumiminwa kilichukua sehemu ndogo sana ya kiasi hicho. Anayesema kwamba tuendelee kuchoma makaa bila hofu kwa kuwa majivu yatajaza mitaro, anatumia kijiko kuonesha kwamba bahari inaweza kukauka.

Safari ya tope kwenda Alabama

Turudi Kingston. Zaidi ya wafanyakazi 900 waliitwa kusafisha. Wengi wao walikuja kueleza mahakamani kwamba waliambiwa jivu halina madhara, na kwamba walipoomba barakoa walikataliwa. Waliugua vifua, damu na saratani; makumi wamefariki dunia. Mwezi Novemba 2018 wazee wa baraza katika mahakama ya shirikisho mjini Knoxville waliamua kwamba mkandarasi hakutimiza wajibu wake wa kuwalinda, na kwamba kushindwa huko kungeweza kusababisha maradhi yao. Shauri lilimalizika kwa maridhiano mwaka 2023, miaka zaidi ya 14 baada ya bwawa kubomoka. Wapo waliokuwa wamekwisha kuzikwa.

Na lile tope lilikwenda wapi? Kati ya mwaka 2009 na 2010, karibu tani milioni 4 zilipakiwa kwenye mabehewa zikasafirishwa hadi dampo lililo karibu na mji wa Uniontown, Wilaya ya Perry, Jimbo la Alabama. Kingston ni eneo ambalo wakazi wake wengi ni Wazungu. Uniontown ni mji wa Wamarekani weusi, wengi wao maskini. Wakazi walilalamika juu ya harufu, vumbi na hofu ya maji, wakapeleka malalamiko yao kwa Serikali kwa misingi ya haki za kiraia. Mwaka 2018 malalamiko hayo yalitupiliwa mbali.

Tunaiweka habari hii katikati ya tafakari ya saruji na kifusi kwa sababu inafichua jambo ambalo fomula haiwezi kulionesha. Taka haziendi mahali patupu. Huenda mahali ambapo sauti ni ndogo. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa jivu lililoitwa taka waziwazi, je, itakuwaje kwa jivu litakalofika likiitwa bidhaa?

Tunavyofundishwa

Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake wa Kitume wa Laudato si' wa tarehe 24 Mei 2015, aliligusa jambo hili katika ibara za mwanzo kabisa. Alieleza kwamba maumbile hayajui taka, kwa kuwa mabaki ya kiumbe kimoja ni chakula cha kingine, ilhali mfumo wetu wa viwanda haujajifunza kuyapokea na kuyatumia tena mabaki yake. Kwa upande huo, mhandisi anayeligeuza jivu kuwa kifusi anafanya kazi njema, inayofanana na kazi ya mitume walioamriwa kukusanya vipande vilivyosalia baada ya umati kushiba, ili kisipotee kitu. Lakini katika ibara za jirani Papa alionya pia kwamba teknolojia iliyofungamana na faida huweza kutatua tatizo moja huku ikizaa mengine. Maonyo haya mawili hayapingani. Uadilifu unadai tuyashike yote.

Utunzaji bora wa mazingira hauwezi kutenganishwa na utu, heshima na haki msingi za jirani. Kwa hiyo kipimo cha kifusi chema hakiishii kwenye megapaskali. Kinamfikia mtoto atakayekunywa maji yaliyopita chini yake.

Jambo hili na sisi

Msomaji anaweza kusema kwamba haya ni ya Tennessee na Alabama, sisi yanatuhusu nini? Yalikaribia kutuhusu sana. Nchini Kenya ulipangwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 katika kaunti ya Lamu, jirani na mji wa kale ambao ni urithi wa dunia. Wakazi walikwenda kwenye Baraza la Mazingira la Taifa, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ya mradi ikafutwa, pamoja na sababu nyingine kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi wale hawakuwa na shahada za uhandisi. Walikuwa na haki ya kuulizwa, na waliidai.

Nasi, kwa kadiri viwanda vinavyoongezeka katika nchi zetu, tutazidi kuletewa mabaki yake yakiwa na sura ya msaada: jivu, vumbi la machimbo, masalia ya matanuru. Parokia zetu ni wajenzi wakubwa. Tunajaza viwanja vya makanisa, shule na zahanati, na kamati za ujenzi, zikibanwa na uhaba wa fedha, hufurahia lori la kifusi cha bure bila kuuliza lilikotoka. Tunakiri kwamba hata sisi mapadre tumewahi kushukuru kabla ya kuuliza. Kuanzia sasa tujifunze kuuliza kwanza, na maswali yenyewe ni matatu.

La kwanza: ndani yake mna nini, na nani amepima? Jibu liwe la karatasi ya maabara, si la dereva. La pili: linafanya kazi gani hapa, na linahitajika kiasi gani? Kama jibu halipatikani, basi hatujengi, tunatunziwa takataka za mtu mwingine. La tatu: nani anaishi, analima na kuchota maji karibu na hapa, naye ameulizwa? Maswali haya hayapingi maendeleo. Mwenye mali njema hayaogopi.

Kwa vijana wetu wanaosomea uhandisi na kemia katika vyuo vikuu, tunaongeza neno moja. Njia ya kuchanganya jivu na saruji inajulikana. Kinachosubiriwa ni watu waadilifu watakaoipima kwa mabaki ya viwanda vyetu wenyewe, kwa udongo wetu na mvua zetu, na watakaothubutu kuandika hapana pale vipimo vinaposema hapana. Huo nao ni utume wa walei, na unaitegemea dhamiri kama unavyoitegemea elimu.

Bwawa la Kingston lilijengwa na watu waliodhani kwamba kitu kilichowekwa mbali na macho kimekwisha. Kifusi nacho, kwa asili yake, ni kitu kisichoonekana tena kikishafunikwa. Basi na yafanyike kwa uaminifu yale yatakayofunikwa, maana juu yake watatembea wajukuu wetu, na chini yake yatapita maji watakayokunywa.